Bega lililogoma baada ya chanjo

SWALI: Ninaishi Minnesota, Marekani. Nilichomwa chanjo ya mafua juu kabisa ya bega. Maumivu yalianza usiku uleule, na huu ni mwezi wa nane siwezi hata kufunga kilemba. Je, naweza kudai fidia?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Unaweza, tena bila kumshitaki aliyekuchoma. Tangu 1988 Marekani ina mpango wa fidia unaogharamiwa na kodi ya chanjo. Dai hufunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, na mdaiwa ni Waziri wa Afya.

Jeraha la bega liliingizwa kwenye jedwali la mpango huo mwaka 2017. Ukionyesha kuwa bega lilikuwa zima, maumivu yakaanza ndani ya saa 48, yakabaki begani tu bila sababu nyingine na kupita miezi sita, sheria inachukulia kuwa chanjo ndiyo chanzo. Wengi hukwama kwenye zile saa 48: walivumilia, wakachelewa kwenda hospitali, na faili halisemi maumivu yalianza lini. Kwa hiyo mweleze daktari siku yenyewe, ahakikishe ameiandika. Tafuta pia karatasi inayotaja mkono uliochomwa.

Una miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000. Matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando. Wakili hulipwa na mpango, mara nyingi hata dai likishindwa, hivyo usikubali akukate asilimia.