Fungueni Geti
Somo: Zekaria 8:4-5



Kabla sijafundisha, naungama. Mwaka jana mpira ulivunja kioo cha dirisha la kanisa, na mimi ndiye niliyeamuru geti lifungwe kila jioni. Nilijiona mtunzaji mwema wa nyumba ya Mungu. Wiki chache baadaye nikamkuta kijana wetu wa kidato cha pili ameketi peke yake nyuma ya soko la Karatina, ameinamia simu. Nikamwuliza mbona haonekani. Akasema, "Pasta, kwetu ni chumba kimoja. Tukicheza kwa ploti, mwenyewe anatufukuza. Stejini tunaitwa wezi. Na kanisani mmefunga. Sasa tukae wapi?"

Nilikosa jibu. Nikarudi kwa Neno.

Zekaria anahubiria watu waliotoka Babeli na kukuta Yerusalemu ni magofu. Anapoeleza jinsi mji uliobarikiwa utakavyokuwa, anataja wazee wameketi njiani na mikongojo yao, na wavulana na wasichana wakicheza papo hapo. Angalieni, wapendwa: kizazi kimoja kinacheza, kingine kimekaa karibu. Hiyo ni dalili ya baraka, si fujo!

Tena someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale chini ya mti, akamlisha, kisha akamtembeza hadi mlimani. Mwili nao ni kazi ya mikono yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mwanga wa mchana nao husaidia usingizi wa usiku. Kijana aliyezama katika huzuni anahitaji pia daktari na mshauri, lakini asikose jua na wenzake.

Hapa kwetu Nyeri tuna ushuhuda. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alisimulia jinsi alivyocheza utotoni kwenye kijito karibu na mugumo, akijaribu kuokota mayai ya vyura. Msichana huyo ndiye aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 1989 akapinga jengo refu lisijengwe Uhuru Park, mahali ambapo mwananchi wa kawaida hupumzika bila kulipa.

Basi geti letu sasa liko wazi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Shosho wawili hukaa chini ya mti na vikapu vyao wakifuma. Hawahubiri, wapo tu. Yule kijana alirudi. Ofisini kwangu hakuwahi kusema lolote. Juzi tukiwa tumekaa kwenye mawe, macho yetu yote kwa mpira, akaniambia linalomsumbua nyumbani. Kioo kingine kimevunjika. Tutanunua kingine.

Ya kutafakari nyumbani:
1. Kijana wako hukaa wapi baada ya shule? Umewahi kufika hapo?
2. Ni mahali gani umemfukuza mtoto wa mwenzako?
3. Wiki hii, tembea naye hata hadi mto Ragati. Mwache aongee yeye.

Bwana atujalie mji wenye vijana njiani na wazee karibu nao. Amina.