Dondoo Muhimu: Besi ya Benga ya Zamani kwa Gharama Ndogo

Mpiga gitaa la besi wa Muhoroni, nchini Kenya, anayetaka besi nene yenye mlio mfupi, inayokumbusha benga, yaani muziki wa magitaa wenye asili ya Waluo, ya enzi za mwanamuziki D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, halazimiki kununua gitaa la kale, kwa kuwa sauti hiyo hutegemea zaidi nyuzi, vidole na namna mtetemo unavyozuiwa.

• Nyuzi: Nyuzi bapa, yaani zile ambazo waya wake wa nje ni laini, hupunguza mkwaruzo; zikikosekana, nyuzi za kawaida zilizochakaa hufaa, mradi bado zinashika tyuni.

• Sponji: Kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikichomekwa chini ya nyuzi kando ya daraja, yaani kipande kinachozishikilia nyuzi kwenye bodi, hufupisha mlio, hivyo kila noti husikika peke yake kama mdundo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

• Toni: Kitufe cha toni, kinachopunguza ukali wa sauti, kirudishwe hadi nusu, na besi ya amplifaya isizidishwe, kwa sababu spika ndogo ikilemewa hukoroma.

• Vidole: Nyuzi zikipigwa karibu na shingo sauti hunenepa, ilhali karibu na daraja huwa kavu.