SIKU NZURI BAADA YA MVUA: TUZITUMIE KUJENGA UJIRANI



Huku Trans Nzoia, mvua ndefu ikiisha, kuanzia Oktoba hadi Desemba, nchi hubadilika sura. Asubuhi kuna baridi na umande, lakini ikifika saa nne jua limeshakolea. Upande mmoja Mlima Elgon unaonekana wazi, na upande wa pili milima ya Cherang'ani. Yale mahindi ya 614 tuliyopanda Machi au Aprili yamekauka. Tunakata mabua na kuyasimamisha pamoja kama vibanda, na watoto wanajificha humo wakicheza. Matope ya barabarani yameisha, hata baiskeli inapita. Jioni tunachoma viazi vitamu kwa moto wa magunzi, na anayepita njiani anaitwa, "Karibu, kuna kiazi hapa!" Kusema kweli, hizi ndizo siku tamu za mwaka.

Lakini wengi wetu tunadhani siku hizi ni za kuhesabu magunia tu. Somo letu la leo linasema kwamba siku hizi pia ni za kuvuna ujirani. Usipovunwa sasa, hautapatikana wakati wa njaa.

KISA KILICHOTUFUNDISHA

Mwaka 2019 mvua haikuisha kama kawaida. Ilinyesha sana Oktoba hadi Desemba na mahindi mengi yalilowa shambani. Wakati huo tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja cha akina mama na wazee wachache. Walikuwa na katiba nzuri: asiyekuja mkutano bila ruhusa, faini shilingi 50.

Mama mmoja hakuja mara tatu. Kila mara mwandishi alisoma jina lake na kuandika faini. Sisi wafanyakazi wa maendeleo tulikagua kitabu, tukasema, "Hongereni, kitabu chenu ni safi kabisa." Tulisema hivyo kwa vinywa vyetu wenyewe.

Wiki ya nne, ajuza mmoja wa kikundi alienda kwa yule mama kuazima turubai. Alimkuta akimlisha mumewe uji kitandani. Mzee alikuwa mgonjwa karibu mwezi mzima, hawezi hata kugeuka peke yake. Mahindi yalikuwa bado shambani, mengine yameanza kuota juu ya bua. Na boma hilo, kutoka mti tunaokutania, si mwendo wa hata dakika kumi.

Ajuza alikuja mkutanoni, hakukaa. Akasema, "Jina lake mmelisoma hapa mara tatu. Kwake hakuna aliyefika hata mara moja."

Tulinyamaza wote. Mwenyekiti akafuta ile faini. Siku iliyofuata watu kumi na wanne walienda na mapanga na mkokoteni, wengine wakampeleka mzee hospitali. Mzee alipona pole pole. Lakini mahindi kama magunia manne yalikuwa yameshaoza, na hayo hakuna aliyeweza kuyarudisha. Tungefika wiki mbili mapema, yangeokoka.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Ujirani ulikuwako kabla ya kikundi. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Hata Harambee, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, ilijengwa juu ya desturi kama hizo. Wazee hawakuwa na kitabu cha mahudhurio, lakini jirani akikosa kuonekana mtu alienda kuuliza. Kitabu ni kizuri, tusikiache. Ila kitabu kinatuambia nani hakuja, hakituambii kwa nini. Hilo linahitaji miguu.

Siku hizi pia tuna simu. Jirani akifiwa, tunamtumia mia mbili na kuona tumemaliza. Pesa inasaidia, ndiyo, lakini haipiki chai wala haikai na mfiwa usiku.

2. Kutembelea kuna majira yake. Mwezi wa Juni ghala likiwa tupu, mgeni ni aibu. Tunajua vile inakuwa: mama akisikia "hodi" anatuma mtoto aseme hayupo, kwa sababu hana cha kuweka mezani. Lakini baada ya mavuno hata aliye maskini ana mahindi ya kuchemsha, na anaweza kukaribisha watu akiwa ameinua kichwa. Kwa hiyo tembeleeni watu sasa. Aliyekukaribisha kwake wakati wa shibe hataona haya kukuambia shida yake wakati wa njaa.

3. Kazi ya mavuno ni nafasi ya kukaa pamoja. Kupukuchua peke yako kunachosha. Mkiwa kumi, mnapukuchua huku mkisimulia na kucheka, na waliokosana wanajikuta wameketi kwenye turubai moja. Tumeona ugomvi wa mpaka wa shamba ukianza kupoa hivyo, kabla haujafika kwa chifu.

4. Jirani mwema hulinda chakula cha mwenzake. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 huko Ukambani sumu hiyo iliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo msianike mahindi juu ya udongo mtupu, tumieni turubai. Asiye nalo aazimwe.

Kujua kama yamekauka, fanyeni hivi. Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tieni mahindi kidogo na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Tikiseni kwa dakika chache, kisha acheni itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yaanikeni tena. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Hata hivyo ongezeni siku moja au mbili za jua, maana ghalani inatakiwa isizidi asilimia 13.5.

5. Furaha isitumalize. Kuna anayeuza magunia yote Desemba bei ikiwa chini, akanywea pesa, halafu Mei anaomba unga kwa jirani. Raha ya siku hizi haihitaji pesa nyingi. Chai, kiazi cha moto, jua la jioni na mtu wa kuzungumza naye, basi inatosha.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, gawanyeni kijiji. Kila mwanakikundi apewe maboma matatu ya jirani zake kuyatembelea kabla ya Krismasi. Aende mikono mitupu kama hana kitu. Salamu pekee ni zawadi.

Pili, pangeni zamu ya kuvuna. Waanze wajane, wagonjwa na wazee wasio na watoto nyumbani. Tusianze na shamba la mwenyekiti.

Tatu, badilisheni katiba kidogo. Mtu akikosa mkutano, kabla ya faini kuandikwa, watu wawili wamtembelee siku hiyo hiyo na kuleta habari.

Nne, chagueni jioni moja ya kula pamoja. Kila mtu alete alichovuna. Siku hiyo msiongee mambo ya mikopo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani hatujamwona kwa mwezi mmoja? Tunajua kwa nini?

2. Tumewahi kumtoza mtu faini ambaye alihitaji msaada? Tutamrudishia nini?

3. Ni nani kati yetu hajaingia kwa jirani yake tangu wakosane? Nani anaweza kuwapeleka pamoja kwenye kazi ya kupukuchua?

4. Turubai ziko ngapi kijijini, na nani hana?

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Msimu huu chungu kina cha kupikwa. Tukumbuke na yale mafiga mengine. Mkimaliza kusoma somo hili, msiende moja kwa moja nyumbani. Piteni kwa mtu mmoja kwanza, mpige hodi.