Dondoo muhimu: Kinga ya presha na kisukari baada ya miaka 40

Presha ya juu na kisukari huingia kimyakimya, na mtu huweza kuishi nazo miaka mingi bila kuhisi lolote. Mkazi wa Kondele, mjini Kisumu, yuko karibu na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia, lakini kipimo cha kwanza si lazima kifanyike huko. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na kifaa cha kupimia sukari. Presha ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, mtu anahitaji matibabu, na dawa haziachwi kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu. Hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Jikoni, adui mkubwa ni chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Omena iliyooshwa vizuri, ikapikwa kwa nyanya, vitunguu na ndimu, haidai chumvi nyingi. Samaki aina ya ngege wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Mboga za osuga na apoth zijaze nusu ya sahani, donge la ugali lipungue.

Kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha: Kondele hadi soko la Kibuye kwa miguu, bodaboda ipumzike. Sigara iachwe kabisa. Mwenye mzazi aliyeugua kisukari asingoje miaka 40. Apimwe mwaka huu.