Ikolojia Inayosomeka Korongoni
Kijitabu kwa wanafunzi wa baiolojia, Busi na vijiji jirani

Mwanafunzi wa Busi akifungua kitabu cha baiolojia, mara nyingi hukutana na Serengeti: nyumbu, simba, fisi. Mfano huo ni mzuri, ila uko mbali. Wilaya ya Kondoa ina mfano wake, na watafiti wametoka mbali, hata Uswidi, kuja kuusoma. Ni vilima vya Irangi na makorongo yake.

Maneno kwanza, kwa kifupi. Ernst Haeckel wa Ujerumani alitunga neno ikolojia mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Kware wote wa aina moja katika pori moja ni kundi la spishi moja. Ukiwaweka pamoja na panzi wanaoliwa nao, nyasi zinazoliwa na panzi, migunga na mchwa, unapata jamii ya viumbe. Ongeza udongo, mvua, jua na upepo, na hapo una mfumo ikolojia.

Chakula hupungua njiani

Nyasi hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo ni wazalishaji. Panzi hula nyasi, kware hula panzi, kipanga humnyakua kware. Katika kila hatua, sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto au hubaki kwenye kinyesi na mabaki. Kwa wastani, takriban asilimia 10 tu ndiyo hufika ngazi inayofuata: kilojuli 1,000 za nyasi huwa 100 kwa panzi, 10 kwa kware, 1 kwa kipanga. Ndiyo maana katika matembezi ya siku nzima utaona panzi wasiohesabika na pengine kipanga mmoja.

Hesabu hiyohiyo inamhusu ng'ombe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na nyasi zilizoota humo ndizo za kula hadi msimu mwingine. Mifugo ikizidi uwezo wa malisho, ardhi hubaki wazi, na mvua ya kwanza huikuta bila kifuniko.

Mwaka 1979

Hayo ndiyo yaliyotokea vilimani. Mmomonyoko ulichimba makorongo marefu, mchanga ukafukia mashamba ya mabondeni. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Inakadiriwa ilikuwa zaidi ya 80,000.

Nyasi zilirudi kwanza, zikafuatwa na vichaka, kisha miti. Mfuatano huo wa uoto ulikwenda haraka kwa sababu udongo haukuwa mtupu kama ulivyoonekana: mbegu zilikuwemo, na mizizi ya miti iliyokatwa ilikuwa bado hai, ina akiba ya chakula. Wakulima wanaochagua machipukizi ya kisiki na kuyapogoa wanatumia akiba hiyohiyo. Dodoma kazi hiyo inaitwa Kisiki Hai.

Lakini kijitabu hiki hakitakuwa cha kweli kikiishia hapo. Familia zilipoteza maziwa, na mashamba yakakosa samadi. Nitrojeni na fosforasi huzunguka: kutoka udongoni kwenda kwenye nyasi, kwa ng'ombe, hadi zizini, kisha shambani. Ng'ombe alipoondoka, mzunguko ulikatika. Tena mifugo mingi ilihamishiwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka wa mradi, na malisho ya huko yakabeba mzigo. Baadaye, ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kurudi, wafugwe zizini na kukatiwa majani. Kwa maoni yetu, hatua hiyo ya pili inastahili kufundishwa kwa uzito uleule wa ile ya kwanza, maana ilimhesabu binadamu kuwa sehemu ya mfumo.

Kazi ya kufanya

Tafuteni mkababu shambani. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyabeba kiangazi, kwa hiyo haushindani sana na mahindi kwa mwanga. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Tengenezeni fremu ya vijiti yenye mita moja kila upande. Iwekeni chini ya mti mara tano, kisha mara tano mahali pa wazi, bila kuchagua panapopendeza. Kila mara hesabuni aina za mimea, kadirieni sehemu ya ardhi iliyofunikwa, andikeni dalili za mchwa na kinyesi cha wanyama. Rudini palepale mwezi Februari na tena Septemba, na daftari liwe lilelile.