Je, Maji ya Ziwa Yana Joto la Kutosha Kuogelea?

Watu wa Baraka, na wa vijiji vyote vya Fizi vilivyo kando ya Tanganyika, hushuka ziwani kila siku: kuoga, kufua, kuteka maji, kuvua. Watoto hushuka kucheza. Mtu hutia mguu majini na kusema, "Maji ni ya moto, tuingie." Katika somo hili utaona kwamba mguu si shahidi wa kutosha.

1. Joto la ziwa letu

Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni karibu digrii 37. Maji ya juu ya Tanganyika huwa kati ya digrii 24 na 28 mwaka mzima. Hata chini kabisa, kwenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ni karibu digrii 23. Kwa hiyo mtu mwenye afya aweza kuogelea humo, mradi asikae mno.

Lakini fanya hesabu. Maji ya digrii 27 yamepungukiwa digrii 10 kuliko mwili wako. Tena maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Toa viazi viwili chunguni. Kimoja kiweke sahanini, kingine kitie katika maji. Kipi kitapoa kwanza? Mwili nao ni vivyo hivyo.

2. Mkono hudanganya

Jaribu hili nyumbani. Weka mabakuli matatu: moja la maji baridi, moja la maji ya vuguvugu, moja la maji ya moto yasiyounguza. Tia mkono mmoja katika baridi na mwingine katika moto, uhesabu hadi mia. Kisha tia yote miwili katika vuguvugu. Mkono mmoja utasema, "Ni moto." Mwingine utasema, "Ni baridi." Na maji ni yale yale!

Ndivyo ilivyo ziwani. Alfajiri hewa ni baridi, na maji huonekana ya moto. Mchana jua ni kali, na maji huonekana baridi. Ziwa halikubadilika sana; ngozi yako ndiyo iliyobadilika. Na wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, mtu aliyelowa hupoa hata akiwa nje ya maji.

3. Sikiliza mwili

Usiulize tu, "Maji yakoje?" Uliza, "Mwili wangu ukoje?" Toka majini mara uonapo ishara hizi:

Kutetemeka, au meno kugongana.
Vidole kuwa vizito, hata kushindwa kufunga kifungo.
Midomo na kucha kugeuka rangi.

Mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Naye akicheza hasemi, "Nina baridi." Mama, baba, mwite wewe kabla hajaanza kutetemeka. Mvuvi ambaye mtumbwi wake umepinduka usiku huweza kuishiwa nguvu za mikono hata katika maji haya. Basi asiuache mtumbwi. Aushike, na apande juu yake akiweza.

4. Kumsaidia aliyepoa

Mtoe majini, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa. Mtoto mdogo na awekwe kifuani pa mamaye. Mpe chai ya moto yenye sukari ikiwa yu macho na ameza vizuri. Usimpe pombe, pombe hupeleka damu kwenye ngozi, na joto la ndani hupotea. Usimweke karibu na moto, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kujua. Akiwa amelegea, akasema maneno yasiyoeleweka, au akaacha kutetemeka bila kupata joto, mchukue taratibu, amelala, hadi hospitali.

5. Saa ya joto ina hatari yake

Watu wengi huchagua mchana, maji yakiwa ya moto. Kumbuka kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, na hupenya ngozi isiyo na jeraha. Kwa hiyo maji yanayokupendeza zaidi kwa joto yaweza kuwa ndiyo yenye vijidudu vingi. Epuka maji yaliyotulia penye majani na konokono. Mtoto akiumwa tumbo, au akiwa na damu katika choo, mpeleke apimwe. Dawa ya praziquantel huua minyoo hiyo. Na mtu asiende choo ziwani wala ukingoni, maana mayai ya kichocho hufika kwa konokono kwa njia hiyo.

Maswali

1. Kwa nini maji ya digrii 27 huweza kumpoza mtu?
2. Kwa nini maji ya ziwa huonekana ya moto alfajiri?
3. Taja ishara mbili za kumtoa mtoto majini.
4. Kwa nini tusimpe pombe mtu aliyepoa?
5. Nyumbani kwako, ni nani anayewaangalia watoto wanaposhuka ziwani?