Kasoro na Pendekezo: Somo Nililolipata kwa Karani wa Maziwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie ninyi mlio madarasani, na wenzangu tuliokwisha kuondoka, habari za kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Kwanza nilitaka kueleza habari za mashine zenyewe, lakini mashine hubadilika kila mwaka, na kabla wino wa gazeti haujakauka habari zitakuwa zimechakaa. Basi nimechagua jambo lisilochakaa, nalo ni hili: jinsi ya kusema, "Hapa pana kasoro," na jinsi ya kusema, "Naomba jambo hili liongezwe." Maneno hayo ni mepesi kinywani. Lakini mimi niliyakosea, na kwa kukosea kwangu mzee mmoja mwaminifu alikaribia kuvunjiwa heshima yake.

LUGHA ISIYO NA DUKA

Kompyuta haielewi maneno yetu tunayosemezana. Mtu huiandikia amri kwa lugha iliyotungwa kwa kazi hiyo. Lugha niitumiayo mimi inaitwa Python. Aliyeianza ni Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam. Akaitoa kwa watu mwaka 1991. Maandishi yake yote yako wazi. Mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyasahihisha, wala halipi kitu. Programu za namna hii huitwa programu huria, na wengi wanaoitunza Python hufanya hivyo kwa kujitolea, baada ya kazi zao za mchana.

Sasa, kitu kisichouzwa dukani hakina mwenye duka wa kurudishiwa kikiharibika. Kwa hiyo watunzaji wa Python wameweka njia mbili. Njia ya kwanza ni daftari la kasoro, ambalo tangu mwaka 2022 limewekwa katika GitHub. Humo mtu yeyote duniani aweza kuandika taarifa ya kosa aliloliona. Njia ya pili ni hati ya pendekezo, iitwayo PEP, ambayo ilianza mwaka 2000. Mwenye kutaka jambo kubwa liongezwe au libadilishwe huandika hati, akaeleza shida iliyopo, dawa yake, na hasara za dawa hiyo. Hati hupewa nambari, hujadiliwa na watu wote, kisha hukubaliwa au hukataliwa, na sababu huandikwa.

Msichanganye mambo haya mawili. Mfereji wa bweni ukikataa kutoa maji, hiyo ni kasoro: uliwekwa utoe maji, nao hautoi. Lakini mkitaka mfereji wa pili ili foleni ya asubuhi ipungue, hilo ni pendekezo: mfereji wa kwanza hauna kosa lo lote, ila ninyi mwataka zaidi. Mkimwendea bwana mlezi na kumwambia kwamba mfereji ni mbovu, na kumbe hamtaki kupanga foleni, mtapoteza wakati wake, na siku mfereji utakapoharibika kweli hatawasikiliza upesi.

SHILINGI 583

Mwaka 2016 chama kimoja cha ushirika wa maziwa kiliniomba niwaandikie programu ya kuhesabu malipo. Wafugaji wapatao mia moja walileta maziwa kila asubuhi, na karani wa chama, mzee wa makamo aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alipima lita na nusu lita, akazidisha kwa bei, akaandika katika daftari lake. Bei ilikuwa shilingi 45 kwa lita. Aliyeleta lita 10 na nusu alistahili shilingi 472 na nusu. Na kwa kuwa chama hakilipi senti, karani aliandika 473.

Niliandika programu kwa Python, nikaiagiza ikadirishe kila hesabu kuwa shilingi kamili. Mwezi wa kwanza tukaendesha daftari na kompyuta pamoja. Mwisho wa mwezi jumla ya karani ilizidi jumla ya kompyuta kwa shilingi 583.

Kamati ikakutana. Mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, mashine yako yaweza kukosea?"

Nikajibu kwa majivuno ya ujana, "Mzee, mashine haikosei kujumlisha."

Wote wakamgeukia karani. Yeye hakupiga kelele. Akanitazama mimi tu, akasema, "Mwanangu, mimi nilifundishwa kwamba nusu ikifika, hupanda. Sijui zaidi ya hapo." Wakamwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipitia hesabu moja moja, nikaona kwamba kwa lita 10 na nusu kompyuta iliandika 472, siyo 473. Hasira yangu ikageuka kutoka kwa karani ikaiendea Python. Nikaandika katika daftari la kasoro maneno ambayo leo nayaonea haya: "Hesabu za lugha yenu ni mbovu. Mtu anapoteza kazi yake. Rekebisheni upesi."

Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hakunitukana. Alinishukuru, akaniuliza mambo matatu: unatumia toleo gani, umeandika amri gani, uikate mpaka ibaki fupi kabisa, na umepata nini, nawe ulitazamia kupata nini.

Nikakaa kitako kuikata programu yangu yenye kurasa nyingi. Nikaondoa majina ya wafugaji, nikaondoa tarehe, nikaondoa bei. Mwisho ukabaki mstari mmoja tu: kadirisha 472.5. Jibu: 472. Nikajaribu 517.5, ambayo ni malipo ya lita 11 na nusu. Jibu: 518! Moja imeshuka na nyingine imepanda. Hapo nikajua kwamba hii si bahati mbaya, ni kanuni. Nikafungua kitabu cha maelezo cha Python, ambacho ningalikifungua mwezi mzima uliopita, nikaikuta imeandikwa wazi: nambari ikiwa katikati kabisa, hukadirishwa kwenda kwenye nambari shufwa iliyo karibu.

Sababu yake ni njema. Ukipandisha kila nusu, jumla ya hesabu elfu nyingi huvimba kidogo kidogo. Nusu zikipanda mara moja na kushuka mara nyingine, huelekea kusawazishana. Toleo la tatu la Python, lililotolewa mwaka 2008, ndilo lililoifuata kanuni hiyo.

Basi Python haikuwa na kosa, na karani hakuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyekutanisha kanuni mbili bila kuuliza kama ni moja. Nilirudi mbele ya kamati, nikaandika hesabu hizo ubaoni, nikasema hivyo mbele ya wote. Karani akarudishwa kazini asubuhi ile ile. Kisha nikaifunga taarifa yangu mwenyewe katika daftari la kasoro, na chini yake nikaandika asante.

KOSA LINALOONEKANA, NALO SI KOSA

Wanaoanza kujifunza Python hukutana na ajabu nyingine. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo itajibu 0.30000000000000004. Watu wengi wamedhani ni kasoro. Lakini fikirini: ninyi mkitaka kuandika theluthi moja kwa desimali, mtaandika 0.333 na kuendelea bila kufika mwisho, kwa sababu sisi tunahesabu kwa makumi. Kompyuta huhesabu kwa mawili mawili, na kwake sehemu moja ya kumi ndiyo haifiki mwisho. Huikata mahali fulani, na mabaki huonekana katika jibu. Nyingi kati ya lugha nyingine za kompyuta hufanya vivyo hivyo.

PENDEKEZO JEMA HUFIKA MBALI

Sasa mtauliza, "Je, mwenye kuhesabu fedha afanyeje?" Swali hilo hilo liliulizwa kabla yangu, na aliyeliuliza vizuri ametufaa sote. Mwaka 2003 Facundo Batista, mtu wa Argentina, aliandika pendekezo nambari 327. Alieleza kwamba watu wengi wanahitaji nambari za desimali zinazofuata hesabu tulizofundishwa shuleni, kisha akaeleza namna ya kuziweka, pamoja na njia mbalimbali za kukadirisha, moja ikiwa ile ya "nusu hupanda". Pendekezo likakubaliwa, na toleo la 2.4 likatoka nalo mwishoni mwa mwaka 2004.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika pendekezo la kutaka kanuni ya kukadirisha ibadilishwe duniani kote kwa ajili ya chama kimoja cha maziwa! Lakini swali la kwanza analoulizwa mwenye pendekezo ni hili: je, jambo hili haliwezekani tayari? La pili: ukibadilisha, programu za nani zitaharibika? Nilipoyatafuta majibu nikakuta kazi ya Mwargentina yule. Kwa mistari michache programu yangu ikafuata kanuni ya karani, na mwezi uliofuata jumla mbili zikalingana hata shilingi.

Pendekezo likikataliwa si fedheha. Mwaka 2006 Guido van Rossum mwenyewe, mwanzilishi wa lugha, aliandika pendekezo nambari 3103 la namna mpya ya kuchagua njia moja kati ya nyingi. Mwaka 2007, katika mkutano wa watu wa Python nchini Marekani, aliwauliza wasikilizaji, akaona halina wa kuliunga mkono. Akalikataa yeye mwenyewe, na akaiandika sababu juu ya hati. Hati ile haikuchanwa. Ipo hadi leo. Miaka mingi baadaye yeye na wenzake waliliendea jambo hilo kwa njia nyingine yenye nguvu zaidi, likakubaliwa mwaka 2021 na kuingia katika toleo la 3.10.

Lakini maneno makali huacha jeraha. Mwaka 2018 palikuwa na mabishano juu ya pendekezo nambari 572, lililohusu alama moja tu ya kuandikia. Mwanzilishi alilikubali, lakini mabishano yalikuwa yamemchosha hata mwezi wa Julai mwaka huo akatangaza kwamba anaiacha kazi ya kuwa mwamuzi wa mwisho. Tangu mwaka 2019 uamuzi uko mikononi mwa baraza la watu watano wanaochaguliwa na watunzaji wa lugha. Tazameni: haikuwa kukataliwa kulikomwondoa, maana pendekezo lilipita. Ni namna watu walivyosemezana.

KANUNI ZA KUSHIKA

Kwanza, kabla ya kusema kwamba kitu kimeharibika, soma kilivyoahidiwa kufanya.

Pili, taarifa ya kasoro iwe na mambo matatu: nilifanya hivi, nilitazamia hivi, nikapata hivi. Asiyekuwapo aweze kurudia ulichofanya na kuona ulichoona.

Tatu, ikate habari yako mpaka ibaki mfupa. Mara nyingi utalipata jibu kabla ya kumaliza kuikata.

Nne, pendekezo lianze na shida, siyo na dawa. Na liwe shida ya wengi.

Tano, aliye upande wa pili ni mtu aliyechoka, anayekusaidia bure. Mwandikie kama ambavyo ungemwambia mzee wako uso kwa uso.

Wala msiogope kutoa taarifa kwa kuhofia kuonekana wajinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Taarifa yangu ilikuwa mbaya, lakini kama nisingaliiandika, nisingaliulizwa yale maswali matatu, na yule mzee angalikaa nyumbani akiitwa mwizi wa shilingi 583.

MAZOEZI

1. Mfugaji ameleta lita 12 na nusu kwa bei ya shilingi 45. Karani ataandika ngapi? Amri ya kukadirisha ya Python, isiporekebishwa, itaandika ngapi?

2. Kengele ya shule yalia dakika tano baada ya saa iliyoandikwa katika ratiba. Je, ni kasoro au ni pendekezo? Na kama yalia kwa saa yake, lakini wanafunzi wanataka ilie baadaye?

3. Tafuta kitu kimoja kilichoharibika shuleni. Andika taarifa yake kwa mistari mitatu isiyo na neno la lawama, kisha umpe mwenzako wa darasa jingine aisome. Akishindwa kukiona alichokuwa hajakiona, andika tena.

Kwaherini. Nikija siku ya wanafunzi wa zamani, nionyesheni taarifa zenu za zoezi la tatu. Nami, Mungu akipenda, nitazisoma zote.